Mgogoro wa imani katika nafsi ya mhusika: Ivan na Alyosha Karamazov

Katika uchambuzi wa fasihi, mgogoro wa imani ni aina ya mgogoro wa nafsi ambapo mhusika anashindwa kupatanisha mambo mawili ambayo yote anayashika kwa dhati. Upande mmoja ipo imani yake kwamba Mungu yupo, ni mwema na ni mwadilifu. Upande wa pili lipo jambo aliloliona au analolijua kwa hakika, ambalo linakataa kukaa pamoja na imani hiyo. Mhusika asiyejali upande mmojawapo hana mgogoro. Mvivu anayekwepa ibada, mnafiki anayesali ili watu wamwone, na msomi ambaye hajawahi kuamini chochote tangu utotoni wanaweza kuwa wahusika wazuri sana wa riwaya, lakini hawamo katika mgogoro wa imani, kwa kuwa hakuna kinachowavuta huku na huku.

Ni vema pia kuutenga mgogoro huu na kishawishi, kwa maana wanafunzi wengi huvichanganya. Mtu aliyemo katika kishawishi anajua lililo jema na wakati huohuo anatamani lililo baya. Katika mgogoro wa imani, kinachomsumbua mhusika ni wema wake mwenyewe: kwa kuwa anaipenda haki na hawezi kuvumilia kumwona asiye na hatia akiteswa, anafika mahali ambapo hawezi tena kusema "amina" kama alivyozoea. Kukata tamaa nako ni jambo jingine. Kunaweza kuwa mwisho wa mgogoro, lakini maadamu mhusika bado anauliza na anadai jibu, hajakata tamaa.

Kisa kikongwe cha namna hii ambacho wasomaji wa Kiswahili, Waislamu kwa Wakristo, wanakijua ni kile cha Ayubu. Kwa kawaida tunamkumbuka kwa subira yake, na subira hiyo imesifiwa hata katika tenzi zetu. Hata hivyo, anayekisoma Kitabu cha Ayubu katika Biblia, chenye sura 42, atakuta kwamba sehemu kubwa yake ni mashtaka. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anadai asikilizwe na Mungu mwenyewe, na anayakataa maelezo ya rafiki zake wanaosisitiza kwamba mateso yake lazima yawe malipo ya dhambi fulani. Mwishoni wanaokemewa ni hao rafiki waliodhani wanamtetea Mungu, na anayehesabiwa kuwa amenena sawasawa ni yule aliyelalamika. Kwa hiyo kulalamika mbele ya Mungu hakumtoi mtu katika imani, na asiyelikubali hilo atashindwa kuzielewa riwaya nyingi kubwa za karne ya 19, hasa ile ambayo nadhani imelichimba suala hili kwa kina kuliko nyingine yoyote.

Nayo ni riwaya ya mwisho ya mwandishi Mrusi Fyodor Dostoevsky, The Brothers Karamazov, kuhusu ndugu wa ukoo wa Karamazov, iliyochapishwa kwa mfululizo katika jarida moja la Urusi kati ya mwaka 1879 na 1880. Mwandishi hakuwa mtu wa kuizungumzia imani kwa mbali. Mwaka 1849 alisimamishwa uwanjani mjini St. Petersburg akisubiri kupigwa risasi kwa kosa la kisiasa, kabla ya kutangaziwa kwamba adhabu imebadilishwa. Kisha akatumikia miaka minne ya kazi ngumu gerezani Omsk, huko Siberia. Mwezi Mei 1878 mwanawe mdogo Alyosha, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu, alifariki kwa kifafa, ugonjwa aliokuwa nao baba mwenyewe. Wiki chache baadaye Dostoevsky alisafiri hadi monasteri ya Optina, akaonana na mzee wa kiroho Amvrosy. Riwaya aliyoiandika baada ya hapo ina kijana anayeitwa Alyosha, na ina monasteri yenye mzee mtakatifu, Zosima. Pia ina swali kuhusu mateso ya watoto.

Swali hilo linaulizwa na Ivan, kaka yake Alyosha kwa miaka michache, kijana msomi mwenye akili kali. Wakiwa wawili katika mkahawa, Ivan anamweleza mdogo wake kwa nini moyo wake haukubali. Anasema ataacha mateso ya watu wazima, maana wao walikwisha kula tunda na wanajua mema na mabaya. Atasema juu ya watoto peke yake. Anasimulia juu ya msichana wa miaka mitano ambaye wazazi wake, watu wenye elimu na heshima, walimfungia chooni usiku kucha katika baridi kali. Anasimulia pia juu ya mvulana wa miaka minane, mtoto wa mtumwa wa shamba, aliyerusha jiwe na kumuumiza mguu mbwa kipenzi cha jenerali. Jenerali aliamuru mtoto avuliwe nguo na kukimbizwa, kisha akaachiliwa mbwa wa kuwindia waliomrarua mbele ya mama yake. Dostoevsky alimhakikishia mhariri wake kwamba visa vya watoto katika sura hiyo havikubuniwa, bali vilikuwa vimetokea na kuandikwa.

Hapo ndipo wasomaji wengi hukosea, kwa kusema kwamba Ivan anakana kuwapo kwa Mungu. Asemacho ni kwamba anamkubali Mungu, lakini ulimwengu alioumba haukubali. Hata akiambiwa kwamba siku ya mwisho mateso yote yatafidiwa, na kwamba mama atamkumbatia jenerali na wote wataimba kwa pamoja kwamba njia za Bwana ni za haki, yeye anasema gharama ni kubwa mno. Chozi moja la yule msichana haliwezi kuwa bei ya upatanifu huo. Kwa hiyo anairudisha kwa heshima tiketi yake ya kuingia katika upatanifu huo. Msimamo huo ni mzito kuliko ukanaji wa kawaida, kwa sababu ushahidi wa kuwapo kwa Mungu hauwezi kuujibu. Anachokitafuta Ivan ni haki, na anaitafuta hapa duniani, kwa macho yake mwenyewe.

Jambo dogo ndani ya mazungumzo hayo linastahili kuangaliwa vizuri. Baada ya kisa cha jenerali, Ivan anauliza afanywe nini mtu kama huyo: apigwe risasi? Na Alyosha, novisi mpole wa monasteri, yaani kijana anayejiandaa kuwa mtawa, anajibu kwa sauti ya chini, uso umempauka, kwamba ndiyo, apigwe risasi. Ivan anafurahi, kwa kuwa ameonyesha kwamba hata ndani ya mtawa mchanga limo shtaka lilelile. Baada ya hapo anasimulia utungo wake juu ya kadinali mzee wa karibu miaka tisini, mkuu wa mahakama ya Kanisa iliyowachoma wazushi mjini Seville katika karne ya 16, anayemkamata Kristo aliyerudi duniani na kumwambia kwamba watu hawakuutaka uhuru aliowapa, bali mkate, muujiza na mtu wa kuwatawala. Sura hiyo imejadiliwa sana kuliko nyingine zote. Hapa inatosha kukumbuka kwamba Kristo hajibu neno, ila anambusu mzee huyo.

Mgogoro wa Alyosha unakuja baadaye, na haukuletwa na hoja. Mzee Zosima, aliyempenda kuliko mtu yeyote, anafariki. Watu wa mji na watawa wengi wanatarajia muujiza, kwa kuwa iliaminika kwamba mwili wa mtakatifu hauozi upesi. Kabla siku haijaisha, maiti inaanza kunuka, tena mapema kuliko ilivyo kawaida. Wanaomhusudu marehemu wanafurahi waziwazi. Mtawa mmoja mkali anaingia chumbani akipiga kelele za kufukuza mashetani. Alyosha anaondoka bila kuomba baraka. Msimulizi anachukua muda kutueleza kwamba kijana huyu hakuwa akihitaji muujiza ili aamini. Alichohitaji ni haki: kwamba mtu aliyekuwa mwema kuliko wote asidhalilishwe na kuchekwa na watu wasiofikia hata visigino vyake. Kisha Rakitin, mseminari mwenye hila, anapomchokoza, Alyosha anajibu kwa maneno ya Ivan yaleyale, kwamba hamwasi Mungu wake, ila ulimwengu wake haukubali.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha riwaya nzima. Ndugu hawa wawili kwa kawaida hufundishwa kama kinyume cha kila mmoja, mmoja mwenye shaka na mwingine mwenye imani, na wanafunzi huandika majibu ya mtihani kwa mgawanyo huo. Lakini wote wawili wamejikwaa kwenye jiwe moja, nalo ni haki. Kinachowatofautisha ni mahali ambapo kila mmoja anaupeleka uchungu wake. Rakitin anampa Alyosha soseji na vodka, vitu ambavyo novisi hakupaswa kuvigusa, kisha anampeleka kwa Grushenka, mwanamke aliyekuwa na jina baya mjini, ambaye amemwahidi Rakitin ruble 25 akimletea kijana huyo. Grushenka anamkalia Alyosha mapajani akikusudia kumwangusha. Anaposikia tu kwamba mzee amefariki siku hiyo, anajifanyia ishara ya msalaba na kuruka chini kwa mshtuko. Alyosha, aliyekwenda huko akitafuta uovu, anakuta mtu anayemhurumia. Nao mgogoro wake unaanza kufunguka hapo, kwa huruma ndogo iliyotoka mahali ambapo hakuitarajia. Grushenka anamsimulia hadithi ya kikongwe mwovu ambaye tendo lake jema pekee maishani lilikuwa kumpa ombaomba kitunguu kimoja, kisha anajifananisha na kikongwe huyo.

Usiku Alyosha anarudi penye jeneza, na padri anasoma Injili ya arusi ya Kana. Harufu bado ipo, ila sasa dirisha limefunguliwa. Anasinzia, anamwona Zosima akiwa mgeni arusini, kisha anatoka nje, anaanguka kifudifudi na kuikumbatia ardhi akilia. Hakuna aliyemjibu swali lake kuhusu haki. Swali limebaki palepale, lakini yeye amesimama akiwa mtu mwingine, na siku tatu baadaye anaondoka monasterini kwenda kuishi miongoni mwa watu, kama mzee alivyomwagiza. Katika barua ya Agosti 1879 Dostoevsky alikiri kwamba ana hofu kama sehemu inayomhusu Zosima itatosha kuwa jibu kwa Ivan, kwa kuwa hakumjibu hoja kwa hoja. Alijibu kwa kuchora maisha ya mtu. Msomaji anayeona kwamba jibu hilo halitoshi ana haki ya kusema hivyo, na naamini mwandishi mwenyewe angemwelewa.

Ivan naye hupimwa kwa matendo. Wazo lake kwamba pasipo kutokufa kwa roho kila kitu ni ruhusa lilimwingia mtumishi wa nyumba, Smerdyakov, anayesemekana kuwa mwana haramu wa baba yao. Ivan anasafiri kwenda Moscow akihisi kwamba jambo baya litatokea, na baba anauawa. Katika mazungumzo yao ya tatu Smerdyakov anamtolea ruble 3,000 alizoziiba na kumwambia kwamba muuaji hasa ni yeye Ivan. Mtumishi alitekeleza tu. Watu wengi wanaikumbuka hukumu hiyo. Wachache wanakumbuka mkulima mlevi. Akienda kwa Smerdyakov usiku huo wa theluji, Ivan anampiga kikumbo mkulima aliyelewa na kumwacha amelala chini, akijua kwamba ataganda hadi afe. Akirudi, baada ya kuamua kwenda mahakamani kusema ukweli, anamkuta palepale, anambeba, anamtafutia daktari, na anatoa fedha za kumhudumia, akitumia karibu saa nzima. Hajabadili hoja yake hata moja. Ila mtu aliyesema kwamba hawezi kumpenda jirani aliye karibu, bali labda aliye mbali, amemnyanyua jirani mlevi kwenye theluji. Kesho yake anatoa ushahidi mahakamani huku akili imeshaanza kuvurugika, na hakuna anayemwamini; kaka yao Dmitri anatiwa hatiani kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Riwaya inakwisha Ivan akiwa mgonjwa sana, bila kutuambia kama atapona.

Fasihi ya Kiswahili ina mhusika anayesaidia kuuona mpaka wa dhana hii, naye ni Kazimoto katika riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alisoma seminari kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maswali ya dini yamo katika kazi zake nyingi. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeshuhudia dada yake, Rukia, akiharibiwa maisha na Manase, kijana mwenzao aliyepata cheo, na msiba juu ya msiba unaifuata familia yake hadi yeye mwenyewe anajiua. Uchungu wake unatokana na udhalimu, kama ule wa Ivan. Tofauti iko kwa anayeshtakiwa. Ivan anairudisha tiketi kwa Mungu, na ndiyo sababu maneno yake yana hasira na hata heshima. Kazimoto hana wa kumrudishia, kwa kuwa mbele yake anaona utupu, na maisha yenyewe yamepoteza maana. Wahakiki humweka katika falsafa ya udhanaishi, inayohoji maana ya kuwapo kwa binadamu, na nadhani wako sahihi. Kumwita Kazimoto mhusika mwenye mgogoro wa imani ni kumpa mshtakiwa ambaye yeye mwenyewe alishaacha kumtafuta kabla riwaya haijafika mbali.