Kupachika molekuli kwa nyuzi za DNA kwenye vihisi vya kibayolojia

Kihisi cha kibayolojia ni kifaa kinachotumia kitu chenye asili ya uhai, kwa mfano kingamwili, kimeng'enya au kipande cha DNA, ili kunasa kitu kimoja mahsusi ndani ya sampuli na kugeuza tukio hilo kuwa ishara inayopimika. Mashine ndogo ya kupima sukari anayoitumia mgonjwa wa kisukari nyumbani ni ya ukoo huo. Wanaoeleza vifaa hivi husimulia sana kinachonasa na kinachosoma majibu, lakini hulipita jambo la katikati: hicho kinachonasa kimeshikizwaje kwenye uso wa kifaa? Hapo ndipo vihisi vingi vilivyopendeza kwenye karatasi huharibikia.

Tuchukue kingamwili. Ni protini yenye umbo la herufi Y, ukubwa wake ni kama nanometa 10 hadi 15 (nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita), na ncha za mikono yake miwili ndizo zinazokamata kirusi au protini inayotafutwa. Njia nyepesi ya kukiweka juu ya kioo au dhahabu ni kumimina maji yenye kingamwili na kuviacha vijishike vyenyewe. Vitashika, ila kila kimoja kwa namna yake: kimoja kimesimama, kingine kimelala ubavu, kingine kifudifudi kama mlevi aliyeanguka, mikono imebanwa chini. Baadhi hupoteza umbo kabisa, na protini iliyopoteza umbo hainasi kitu. Uso unaonekana umejaa, kumbe wanaofanya kazi ni wachache.

Kupachika kwa kuongozwa na DNA huanza kwa kuuacha uso bila kingamwili. Kwanza uso hupewa uzi mmoja mfupi wa DNA, mara nyingi wenye herufi 20 hadi 40, yaani viungo vya DNA vinavyoitwa A, T, G na C. Ikiwa uso ni wa dhahabu, ncha ya uzi huwekewa thioli, yaani salfa yenye haidrojeni, kwa sababu salfa na dhahabu hung'ang'aniana. Kisha humiminwa molekuli fupi, kwa kawaida merkaptoheksanoli, ambazo hujaza nafasi zilizobaki na kuzibandua nyuzi zilizolala juu ya dhahabu ili ziinuke. Hatua hii haionekani ya maana, lakini ukiiruka, nyuzi nyingi zitabaki zimelala na hazitapokea chochote.

Pembeni, kwenye kichupa kingine, kingamwili huunganishwa na uzi mwenza: penye A pana T, penye G pana C. Vikimiminwa juu ya uso katika maji yenye chumvi, nyuzi mbili hutambuana na kujisokota pamoja. Chumvi si kiungo cha ziada. Nyuzi zote mbili zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana, na ioni za chumvi ndizo zinazotuliza ugomvi huo.

Hii haimaanishi kwamba kila kingamwili sasa kimesimama wima. Kama uzi umeunganishwa popote palipopatikana kwenye protini, mwelekeo bado ni wa bahati. Kilichobadilika ni kwamba kingamwili kimeinuliwa na kina nafasi ya kujigeuza. Kila jozi ya herufi huongeza nanometa 0.34, hivyo nyuzi za jozi 20 hukiinua karibu nanometa 7. Mwaka 2015 watafiti wa Boston University walijaribu jambo hili kwa kirusi cha mifugo kilichovishwa protini ya nje ya Ebola, ambacho ni salama zaidi kukishika kuliko Ebola yenyewe. Kingamwili vilivyoinuliwa kwa DNA vilinasa virusi vizuri kuliko vilivyopachikwa moja kwa moja.

Kwa maoni yangu, faida kubwa zaidi ni anwani. Uzi wa herufi 20 una mipangilio zaidi ya trilioni 1. Si yote inayofaa, maana mingine hufanana mno na huchanganyana, lakini inayobaki inatosha na kusaza. Unaweza kuchapa madoa mengi kwenye kioo kimoja, kila doa na mpangilio wake, kisha ukamimina mchanganyiko wa kingamwili tofauti na kila kimoja kikaenda kwake. DNA huvumilia kukauka na joto, protini nyingi haziwezi. Basi kioo hutayarishwa mapema na kingamwili huongezwa siku ya kazi. Kundi la mkemia James Heath kule Caltech, chuo kikuu cha Marekani, lilitumia mbinu hii kupima protini nyingi kwa pamoja kutoka kwenye damu kidogo.

Tena, kinachofungwa hufunguka. Mkemia Mjerumani Christof Niemeyer, aliyeanza na wenzake mwaka 1994 kuunganisha DNA na protini iitwayo streptavidini, alionyesha mwaka 1999 kuwa upachikaji huu unaweza kurudishwa nyuma. Sodiamu haidroksaidi iliyozimuliwa hutenganisha nyuzi, kingamwili kilichochoka huoshwa, na uso hupokea kipya.

Gharama ipo. Baada ya kuunganisha kingamwili na DNA hubaki nyuzi huru ambazo hazikupata protini. Zisipochujwa, huwahi kwenye uso na kukalia nafasi, halafu mtu anabaki kushangaa kwa nini kihisi chake ni dhaifu. Damu nayo ina vimeng'enya vinavyokata DNA. Na kwa vihisi vinavyosoma chaji kwa transista (swichi ndogo ya umeme), kuinuliwa kunageuka hasara: katika maji yenye chumvi kiasi cha damu, chaji huonekana kwa umbali usiofika hata nanometa 1, kwa hiyo kirusi kilichonaswa juu ya uzi wa nanometa 7 hakitambuliki mpaka chumvi ipunguzwe. Ukiipunguza mno, nyuzi zenyewe huachana.