Yakobo maana yake sio "tapeli"

Kuna hii kitu inazunguka sana, mtu anapata mtoto anamwita Yakobo, wanakuja watu wanamwambia badilisha hilo jina, maana yake mdanganyifu, unamfungia mtoto laana. Jamani hapana.

Yakobo ni jina la Kiebrania, Ya'akov, na Mwanzo 25:26 iko wazi kabisa: pacha wa pili katoka ameshika kisigino cha Esau, na kisigino kwa Kiebrania ni akev. Basi. Hiyo ya udanganyifu inatoka sura ya 27, Esau kashaporwa baraka, analia kwa uchungu, analigeuza jina la mdogo wake kuwa lawama kwa sababu kitenzi cha mzizi uleule kinaweza kumaanisha kumzunguka mtu kwa nyuma. Yaani ni maneno ya mtu aliyeumizwa, halafu sisi tunayachukua kama ndo kamusi!

Na wataalamu wengi wanaona jina lenyewe ni kifupi cha Ya'akov-El, yaani "Mungu amlinde", kwa sababu mzizi huo una maana ya kulinda pia, mpaka leo kwenye Kigeez, lugha ya kanisa kule Ethiopia, aqaba ni kulinda. Tena jina ni la zamani mno, kuna mtawala wa Misri wa enzi za Hyksos (wageni wenye asili ya Asia waliotawala Misri), zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, jina lake kwenye mihuri linasomwa Yaqub-Har. Sasa huyo naye alijiita tapeli? Na Wayahudi wa karne ya kwanza mbona walilipenda hivyo, kwenye wale mitume 12 tu kuna Yakobo wawili, wa Zebedayo na wa Alfayo, na bado kuna Yakobo ndugu yake Bwana.

Kusambaa kwake ni Wagiriki kusema Iakobos, Walatini Iacobus, baadaye ikaingia m ikawa Iacomus, ndo Waingereza wakapata James, Wahispania Santiago (Mtakatifu Yakobo), na kwa Waislamu ni Nabii Yaakub, baba yake Yusuf. Kwa hiyo anayesema Yakobo ina mkosi ila James ni safi, ajue ni jina lilelile, Biblia zetu zinaandika Waraka wa Yakobo, za Kiingereza zinaandika James.

Ukiulizwa maana yake sema kisigino, au sema Mungu amlinde, na huyo mzazi mwache aandikishe cheti cha mtoto wake kwa amani.