Kwa nini ganzi hugoma kwenye jino lenye usaha? Maswali kuhusu pH na pKa

pH nimeizoea. Hii pKa ni kitu gani tena?

pH ni hali ya mahali: hueleza majimaji yana asidi kiasi gani; namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi. Ya damu hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ya tumboni hushuka hata chini ya 2. pKa ni tabia ya dawa yenyewe, na dawa huenda nayo popote iingiapo. Ni ile pH ambayo nusu ya molekuli zake zimeshika protoni (chembe ya haidrojeni yenye chaji chanya) na nusu zimeiachia.

Zinakutana wapi?

pH ya mahali ikiwa chini ya pKa, molekuli zinazoshika protoni ni nyingi; ikiwa juu, zinazoachia ni nyingi. Kila hatua 1 ya tofauti ni mara 10, hatua 2 ni mara 100. Hesabu yenyewe ndiyo hiyo, ingawa vitabuni huvishwa logi (logariti) ikatisha watu.

Mimi mgonjwa inanihusu nini?

Chukua lidokaini, dawa ya ganzi. Ni besi, yaani kinyume cha asidi, pKa yake karibu 7.9. Ikishika protoni hupata chaji, na yenye chaji haipenyi kirahisi utando wa neva, kwa kuwa utando ni mafuta. Kwenye fizi nzima, pH 7.4, takriban robo ya dawa haina chaji, hivyo inapenya. Penye usaha pana asidi zaidi. Tuseme pH imeshuka hadi 6.4, inayoweza kupenya inabaki kama asilimia 3 tu. Ajabu ni kwamba ikishaingia ndani ya neva, ile inayoshika protoni tena ndiyo inayozima maumivu. Shida iko mlangoni. Tena uvimbe huleta damu nyingi inayoisomba dawa mapema. Kwa hiyo daktari akichoma sindano mbali na jipu, au akitoa usaha kwanza, habahatishi.

Na aspirini?

Hiyo ni asidi, pKa 3.5, kwa hiyo mambo yanageuka: asidi ikishika protoni haina chaji, ikiiachia ndipo huipata. Tumboni, penye pH ya chini, nyingi haina chaji. Hata hivyo sehemu kubwa hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa sababu ya upana wa eneo lake.

Ni kweli sumu ya aspirini hutolewa kwa bikaboneti?

Kweli. Bikaboneti ya sodiamu hupandisha pH ya mkojo, salisilati (aspirini ikishavunjwa mwilini) inabaki na chaji, inashindwa kurudi damuni, inatoka na mkojo. Lakini bikaboneti hiyo huingizwa kwa dripu, huku potasiamu na pH ya damu vikipimwa mara kwa mara. Aliyezidisha vidonge akimbizwe hospitali, asikorogewe chochote nyumbani.