Panya stoo baada ya mavuno: maswali na majibu

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba, huku Kongwa, Chamwino na Bahi mkoani Dodoma, mahindi, mtama na karanga vinaingia stoo, na panya wanavifuata. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Mbona wanazidi baada ya kuvuna?

Shamba limebaki tupu, wanafuata chakula kilikohamia. Panya shamba jike hubeba mimba siku 23 tu, na aweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo.

Wanatumalizia mahindi, sawa. Ugonjwa unatoka wapi?

Kwenye mkojo wao, na hili ndilo linalonikosesha raha. Panya anaweza kubeba vijidudu vya homa ya mgunda (leptospirosis) bila yeye kuugua. Vinatoka na mkojo, kisha vinakuingia kupitia kidonda, mchubuko, macho au mdomo. Mwaka 2022, kule Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa na kutokwa damu puani, watatu wakafariki. Wizara ya Afya ilipochunguza, ikathibitisha kuwa ni mgunda.

Shida yake ni kwamba unafanana na malaria: homa, kichwa, misuli kuuma hasa mashavu ya miguu, macho mekundu, wakati mwingine manjano. Dalili mara nyingi huanza siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Mtu anapima malaria, hana, anarudi nyumbani na dawa ya maumivu. Tafadhali, ukifika zahanati sema wazi: "Stoo yangu ina panya, nimekuwa nikihamisha magunia." Maneno hayo yanampa mhudumu pa kuanzia. Ugonjwa huu unatibika kwa antibiotiki, na ukiwahi ni bora zaidi.

Nianze na mtego, paka au sumu?

Anza na matundu. Ukiua kumi na tundu liko wazi, kumi wengine wataingia. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu la unene wa penseli, kwa hiyo zunguka stoo mchana, jifungie ndani, uangalie mwanga unapenya wapi. Sindilia waya wa kusugulia masufuria kisha ziba kwa saruji. Matambara na udongo mtupu anavitafuna au kuvifukua. Chini ya mlango pigilia kipande cha bati. Mwenye tembe ana kazi zaidi, maana paa la miti na udongo lina mianya mingi. Huyo namshauri aweke nafaka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Kihenge kiinuliwe juu ya nguzo za mita moja, kila nguzo ivalishwe bati lililokunjwa kama faneli iliyopinduliwa.

Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, ili uone nyuma yake. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inazuia wadudu, lakini panya anaitoboa. Ndipo weka mitego, ukiipanga kandokando ya ukuta, maana panya hupenda kupita hapo.

Na sumu?

Sipendi sumu kwenye nyumba yenye watoto na kuku. Vidonge vya kufukizia ghala ndivyo vya hatari zaidi: vinatoa gesi inayoua, na kamwe visiwekwe chumba ambacho watu wanalala au kilicho jirani nacho.

Nimekuta mavi ya panya. Nifagie?

Usifagie makavu, vumbi lake utalivuta. Fungua mlango na madirisha nusu saa, vaa glavu na viatu vya kufunika, lowesha mavi kwa klorini ya maji (kama Jik), kipimo kimoja kwa tisa vya maji, subiri dakika tano, ndipo ufute kwa kitambaa. Nawa kwa sabuni.

Mahindi ya gunia lililotobolewa yaliwe?

Tenga yaliyoguguniwa na kulowa, yatupe. Moto wa ugali unaua vijidudu vya mgunda, ila punje zilizolowa huota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Karanga zilizoguswa na panya usimpe mtoto azile mbichi.

Mtoto ameumwa na panya usiku.

Mtoto aliyelala huenda asiamke anapoumwa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke zahanati asubuhi hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.