Bafa katika draiva ya kunasa video: ni nini, na kuirahisisha ni kufanya nini

Bafa ni kipande cha memori kilichotengwa kupokea data kabla haijatumiwa. Kwenye draiva ya kunasa video, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi inayoingiza video kwenye kompyuta, kwa kawaida bafa moja hubeba fremu moja, yaani picha moja kamili.

Tuseme fundi wa Ngamiani, Tanga, anahamishia kwenye kompyuta harusi iliyorekodiwa zamani kwenye kanda ya VHS. PAL, mfumo wa picha za televisheni, hutoa fremu 25 kwa sekunde. Fremu ya pikseli 720 kwa 576, kila pikseli ikichukua baiti 2, ina baiti 829,440. Kwa sekunde moja, hiyo ni zaidi ya megabaiti 20. Deki haimsubiri mtu: kila baada ya milisekunde 40 fremu nyingine imefika. Kukiwa na bafa moja tu na programu ya kurekodi bado inaisoma, fremu mpya inapotea, na bibi harusi anaonekana akiruka kutoka mlangoni hadi kitini.

Kwa hiyo bafa huwa kadhaa, nazo huzunguka kama vikombe vya muuza kahawa barazani. Programu huipa draiva bafa tupu, kadi huijaza, programu huisoma, kisha huirudisha kwenye foleni.

Ugumu wote uko kwenye swali moja: sasa hivi bafa hii iko mikononi mwa nani? Draiva inayojitunzia foleni yake hulazimika kujibu swali hilo kila mahali, hata pale kadi inapotangaza fremu imejaa wakati uleule programu inafungwa. Kufuli, yaani kinga ya kuzuia wawili wasiiguse bafa kwa wakati mmoja, likisahaulika, kadi inaandika kwenye memori iliyokwisha kuachiliwa. Kosa la namna hiyo halitokei kila siku, ndiyo maana linatesa kulitafuta.

Kurahisisha ni kuiondolea draiva mzigo huo. Tangu toleo la 2.6.39 la mwaka 2011, kiini cha mfumo endeshi wa Linux kina videobuf2, tabaka la pamoja linalotenga memori, kupanga foleni na kujua hali ya kila bafa. Draiva hutaja ukubwa wa bafa, huipokea, huwasha na kuzima kadi, hutangaza bafa imejaa. Basi.

Ila kuna sharti ambalo mwandishi wa draiva asilipuuze hata kidogo: kadi ikizimwa, kila bafa iliyo mikononi mwa draiva irudishwe, hata zisizojaa, zikiwa na alama ya hitilafu. Na kadi ikishindwa kuwaka tangu mwanzo, zirudishwe vilevile, ila zikiwa na alama ya kungoja kwenye foleni, ili programu ijaribu tena.