Tomografia ya eksirei na nyuzi za kaboni

Tomografia ya eksirei ni njia ya kuona ndani ya kitu, kwa pande zake zote, bila kukikata. Hospitalini mashine humzunguka mgonjwa. Kwenye maabara za vifaa, aghalabu sampuli ndiyo huzungushwa mbele ya mionzi. Picha mamia au maelfu hupigwa, kisha kompyuta huziunganisha kuwa umbo moja ambalo mtafiti hulipasua kwenye skrini popote atakapo.

Uzi wa kaboni una unene wa mikromita 5 hadi 7 tu, mwembamba kuliko unywele mara kumi hivi. Nyuzi kwa maelfu hulazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na resini, gundi inayokazwa kwa joto. Karibu nusu ya uzito wa Boeing 787, ndege ambayo Air Tanzania nayo inairusha, ni vifaa vya namna hii. Nje vinang'aa, ubovu hujificha ndani: mapovu, tabaka zilizoachana, nyuzi zilizojikunja. Titan, chombo kidogo cha kuzamia baharini, kilipopondeka chini ya maji Juni 2023 na kuua watu watano, wachunguzi wa Marekani walikuta mikunjo na mapovu kwenye kiwiliwili chake cha kaboni. Na ukikata sampuli ili uone, msumeno wenyewe huacha nyufa zake.

Tatizo ni kwamba eksirei hupenya kaboni na resini karibu sawasawa, hivyo picha ya kawaida hutoka imefifia. Ndiyo maana watafiti huenda kwenye sinkrotroni, mtambo mkubwa unaozungusha elektroni kwa kasi ili kutoa eksirei, kama ESRF ya Grenoble, Ufaransa, yenye mionzi mikali inayoonyesha mpaka wa uzi na resini.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote ni kuvuta sampuli papo hapo inapopigwa picha. Uzi mmoja hukatika, jirani zake hubeba mzigo wake. Zikikatika kadhaa mahali pamoja, sampuli nzima huachia. Hapo mhandisi hujua kama hesabu zake za uimara zilikuwa za kweli. Mapovu nayo yakionekana kati ya tabaka, kiwanda huongeza mgandamizo kwenye tanuri au hubadili mwendo wa joto, hewa itoke kabla resini haijakaza.

Lakini ili kuona uzi mmoja mmoja, sampuli huwa ya milimita chache tu. Bawa zima bado hukaguliwa kwa mawimbi ya sauti.