Fedor na Couture: Dhana Potofu Kuhusu Pambano Lililofia Mezani

Mashabiki wa MMA, yaani mapigano ya mitindo mchanganyiko, wakianza kutaja mapambano makubwa ambayo hayakupigwa, jina la Fedor Emelianenko na Randy Couture halichelewi kutoka. Machi 2007, mjini Columbus, Ohio, Couture alirudi kutoka kustaafu akiwa na miaka 43, akamshinda Tim Sylvia kwa pointi na kuuchukua mkanda wa uzito wa juu wa UFC, kampuni ya Kimarekani inayoandaa mapambano hayo. Upande wa pili, Mrusi Fedor alikuwa bingwa wa uzito huohuo wa Pride, kampuni ya Kijapani, tangu 2003. Kila mtu alitaka wakutane, wao wenyewe wakiwemo. Hawakukutana. Sababu zinazotolewa vijiweni mpaka leo nyingi hazina miguu.

Dhana: UFC iliinunua Pride, kwa hiyo ilimnunua na Fedor

Ndugu wawili wa Fertitta, waliokuwa wakiimiliki UFC, walitangaza kuinunua Pride mwishoni mwa Machi 2007. Watu wakahesabu: bingwa huyu, bingwa yule, nyumba moja, pambano kesho.

Kampuni ya mapromota ikiuzwa, kinachohama ni jina, kanda za mapambano ya zamani, na mikataba iliyo hai na inayoweza kuhamishwa. Mpiganaji mwenyewe hahami kama kiti cha ofisini. Wanderlei Silva, Antônio Rodrigo Nogueira, Dan Henderson na Mauricio Rua walivuka kwenda UFC. Fedor hakuwa amefungwa kimkataba, na dalili ilikuwa wazi: Aprili mwaka huohuo alipigana St. Petersburg dhidi ya Matt Lindland, chini ya promota mwingine kabisa. Kufika Oktoba ofisi ya Pride Tokyo ilikuwa imefungwa, na Fedor ameshasaini na M-1 Global, kampuni nyingine ya kuandaa mapambano.

Dhana: Fedor aliogopa

Hii haistahili aya ndefu. Julai 2008, Anaheim, Fedor alimmaliza Sylvia kwa sekunde 36, Sylvia yuleyule ambaye Couture alihitaji raundi tano kumshinda. Januari 2009 akamzimisha Andrei Arlovski raundi ya kwanza. Wote wawili walikuwa mabingwa wa zamani wa UFC. Couture naye aliacha kazi ili apate nafasi ya kupigana na Fedor. Watu wanaoogopana hawafanyi hivyo.

Dhana: Lilikuwa suala la pesa tu

Hapa ndipo penye nyama. Pesa ilikuwepo, na UFC haikuficha kwamba ilikuwa tayari kutoa nyingi. Kilichokwama ni swali la nani aandae pambano. M-1, chini ya Vadim Finkelchtein ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia kazi za Fedor, ilitaka ubia: jina lake lionekane kwenye tangazo kando ya UFC, na mapato yagawanywe kama baina ya waandaaji wawili, si kama malipo ya mtu aliyeajiriwa usiku mmoja. Ikatajwa pia kwamba Fedor hakutaka kuacha mashindano ya sambo ya mapigano, mchezo uliomlea. Dana White, rais wa UFC wakati huo, akasema hapana, na akaendelea kuisema hapana hiyo kwa miaka.

Wengi wanamwona White mkaidi tu. Wanasahau mwaka 2003. Mwaka huo UFC ilimpeleka Chuck Liddell Japani kwenye mashindano ya mtoano ya Pride. Liddell alimpiga Alistair Overeem, kisha Novemba akapigwa na Quinton Jackson. UFC ikarudi nyumbani bila chochote mkononi, huku mpinzani wake wa kibiashara akiwa amejinadi kwa jina la mpiganaji wake. Liddell na Wanderlei Silva, ambao kila mmoja alitaka kuwaona, walikutana Desemba 2007, wakati Pride ilikuwa imeshanunuliwa na Liddell ameshapita kilele chake. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ukamba.

Kwa upande wake M-1 nayo haikuwa na wazimu. Bila Fedor ilikuwa na nini cha kuuza? Kumkabidhi kwa UFC kwa mkataba wa kawaida ilikuwa sawa na kujifungia duka. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na hesabu sahihi, kila moja kwa daftari lake, na ndiyo maana hakukuwa na wa kumlaumu kwa urahisi kama tunavyopenda. Ugomvi ulihusu kesho yake: nani atakuwa na haki juu ya mshindi, na nani atakuwa amekuzwa jina kwa gharama ya mwenzake.

Nafasi ya mwisho ya kweli ilijitokeza Julai 2009. Kampuni ya nguo ya Affliction, iliyokuwa imejiingiza kwenye uandaaji kwa kushirikiana na M-1, ilikuwa imepanga Fedor apigane na Josh Barnett tarehe 1 Agosti. Barnett akafeli kipimo cha dawa siku chache kabla, onyesho likavunjwa, na Affliction ikaachana na biashara hiyo. Fedor akawa mkononi mwa soko. UFC wakakaa naye mezani tena, na tena neno ubia likawashinda. Siku chache baadaye Strikeforce, kampuni nyingine ya mapambano, ikakubali masharti ambayo UFC iliyakataa: ikaandaa pamoja na M-1, na Novemba Fedor akampiga Brett Rogers karibu na Chicago.

Dhana: Couture alijiuzulu, basi alikuwa huru

Oktoba 2007 Couture alituma barua ya kujiuzulu UFC. Alilalamikia malipo na jinsi alivyotendewa, na pia kwamba kampuni imeshindwa kumleta Fedor, pambano pekee lililobaki lenye maana kwake. Mashabiki wakashangilia: sasa atamfuata Fedor popote.

Kumbe alikuwa na mikataba miwili. Mmoja ulikuwa wa ajira, wenye kifungu cha kumzuia kufanya kazi na washindani kwa muda. Mwingine ulikuwa wa kupigana, na ulibaki na mapambano mawili. Msimamo wa UFC ulikuwa kwamba mpiganaji akistaafu saa ya mkataba inasimama, wala haiendelei kuhesabu. Ukiacha kupigana leo na kurudi baada ya miaka mitatu, unarudi palepale ulipoachia, na kwa promota yuleyule. Januari 2008 UFC ikafungua kesi Nevada. Muda mfupi baadaye HDNet Fights, kampuni ya tajiri Mark Cuban iliyotaka kuandaa pambano la Fedor, nayo ikaenda mahakamani Texas kuomba itamkwe kama Couture yuko huru.

Kesi ni za polepole, na Couture alikuwa anaelekea miaka 45. Huu ndio ukweli ambao wanasheria wa promota wanaujua kuliko mtu yeyote: hawahitaji kushinda, wanahitaji kuchelewesha. Septemba 2008 akapatana nao, akasaini mapambano matatu mapya, na Novemba Brock Lesnar akamwangusha raundi ya pili Las Vegas.

Dhana: Mkanda ni mali ya bingwa

Miezi yote ile Couture akiwa mahakamani, UFC iliendelea kumwita bingwa. Haikumvua. Ilianzisha mkanda wa muda, akauchukua Nogueira kwa kumshinda Sylvia Februari 2008. Couture aliporudi, alirudi kama bingwa, bila kuwa amepigana mwaka mzima na zaidi.

Hilo linawezekana kwa sababu kwenye MMA mkanda ni wa promota. Kwenye ngumi za kulipwa mikanda hutolewa na mashirika kama WBC na WBA, na Marekani ina sheria ya mwaka 2000 iliyopewa jina la Muhammad Ali, inayowabana mapromota na mikataba ya kulazimisha. Sheria hiyo haigusi MMA. Lakini wanaodhani ingetatua kila kitu wakumbuke Mayweather na Pacquiao: mabishano yalianza 2009, pambano likapigwa Mei 2015, na ikabidi televisheni mbili hasimu, HBO na Showtime, zirushe kwa pamoja. Sheria ipo, na bado ilichukua miaka zaidi ya mitano.

Dhana: Hayo ni mambo ya kale

Francis Ngannou wa Kamerun, aliyewahi kuchimba mchanga akiwa mtoto, alitetea mkanda wake wa UFC Januari 2022 dhidi ya Ciryl Gane akiwa na goti bovu. Wengi wanasema aliondoka kwa tamaa ya dola. Orodha yake ya madai ilikuwa na bima ya afya kwa wapiganaji, ruhusa ya kuvaa nembo za wadhamini wake, mtu wa kuwasemea wapiganaji wakati wa mazungumzo, na haki ya kupigana ngumi. Januari 2023 UFC ikamwachia na kumvua ubingwa. Oktoba mwaka huohuo alikuwa Riyadh akimwangusha Tyson Fury raundi ya tatu, ingawa majaji walimpa Fury ushindi kwa kura zilizogawanyika.

Pambano lililobaki nyuma ni lake na Jon Jones. Jones aliuchukua mkanda huo ulioachwa wazi Machi 2023, akimnyonga Gane raundi ya kwanza. Ngannou alikwenda PFL, kampuni shindani, na kila upande ukawa na sababu zake za kutompa mwenzake bingwa. Juni 2025 ikatangazwa kwamba Jones amestaafu.